Kabla Baba Hajauza Shamba Usomee MBA



Wiki jana kijana mmoja wa kanisa letu aliniandikia ujumbe usiku, saa tano na kitu. Amepata nafasi ya kusomea MBA, ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Masomo ya kutwa, miaka miwili. Kazi ataacha. Baba yake yuko tayari kuuza nusu ekari ili alipe karo. Alimaliza hivi: "Pasta, niombee mlango huu usifungwe."

Nitakuambia ukweli. Miaka michache iliyopita ningemjibu kabla sijazima taa. Ningemwambia kwamba uongozi hautoki darasani, kwamba Daudi alitolewa machungani, kisha ningelala usingizi mzuri. Mimi ni mtu wa chuo cha Biblia. Nilifundishwa Kigiriki kidogo, historia ya kanisa na namna ya kupanga mahubiri. Mambo ya bajeti na mikopo sikufundishwa, na kwa muda mrefu nilidhani hilo ni jambo la kujivunia.

Safari hii nilikaa na simu mkononi, nikamwandikia, "Nipe siku tatu." Amenikubalia niandike habari yake hapa bila jina, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma huenda una fomu ya chuo kwenye begi, ama mtoto wako ndiye anaizungusha sebuleni akisubiri uulize.

Lakini kabla ya kijana, kuna hadithi ya mabati. Wale wa hapa nyumbani mnaijua. Wengi hamjawahi kuisikia kutoka kinywani mwangu.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 tulianza kujenga. Bajeti niliiandika mimi, kwenye daftari, kurasa mbili. Nikaisoma mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi. Tukiwa karibu kufunga kikao, mkono ukainuka nyuma kabisa. Alikuwa dada mmoja, mhasibu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, ambaye wakati huo alikuwa anasoma MBA jioni na Jumamosi. Akasema kwa heshima, "Pasta, bei ya chuma ikipanda kabla hatujafika kwenye linta, tutapunguza wapi?"

Swali la sekunde kumi. Mimi nikalijibu kwa sekunde tano: "Dada, tusiingize roho ya mashaka hapa." Kanisa likasema amina. Dada akaketi.

Mnakumbuka jinsi bei za vifaa zilivyopanda mwaka ule. Pesa iliisha kuta zikiwa kwenye linta. Mbao za paa tulikuwa tumeshanunua, kwa sababu niliona zina bei nzuri, tukazilaza nje chini ya turubai. Turubai likapasuka. Mvua za misimu miwili zilizinyeshea zikapinda, nyingine zikaoza, fundi akaja akazigusa kwa mguu na hakusema kitu. Kuna mama anayeuza mboga karibu na stendi ambaye alikuwa ametoa shilingi 3,000 za mabati matatu. Hakunilaumu hata siku moja. Ila kila Jumapili, tukiwa tumekaa chini ya lile hema la kukodi, alikuwa anageuka na kutazama zile kuta, halafu juu, pale ambapo mabati yake yangekuwa.

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Mimi na mke wangu tulienda kwa yule dada jioni moja ya Alhamisi. Nikamwomba msamaha mbele ya mumewe, kwa sababu nilimnyamazisha mbele ya watu. Alilia kidogo, akaweka chai. Halafu nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kuliuliza siku ile ya kikao: "Huko mnafundishwa nini hasa?"

Akaingia chumbani akarudi na karatasi.

Ilikuwa nakala ya kisa kimoja cha zamani sana, ukurasa mmoja tu, kinachoitwa The General Shoe Company. Kiliandikwa mwaka 1921 katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na ndicho kisa cha kwanza cha aina yake pale. Kiwanda cha viatu kina shida: karibu wafanyakazi wote wanaacha kazi mapema, wengine hadi dakika 45 kabla ya muda wa kufunga. Mwanafunzi anapewa karatasi hiyo na kuulizwa kinachosababisha ni nini, na angefanya nini.

Nilicheka. Kanisa langu lina washirika wanaotoka kabla ya baraka, wakijifanya wanapokea simu. Nikamwambia dada jibu langu ni rahisi, funga geti hadi saa ifike. Akatabasamu. "Pasta, umewauliza kwa nini wanaondoka?"

Sikuwa nimewauliza. Wala wa kiwandani, wala wa kanisani.

Akanieleza jinsi darasa linavyokwenda. Usiku unasoma kisa cha kampuni ya kweli, kurasa kumi au ishirini, pamoja na hesabu zake. Asubuhi mwalimu anaingia, haanzi kuhutubu. Anamtazama mtu mmoja, bila onyo, na kumwambia: wewe ndiye mkurugenzi, ni Jumatatu asubuhi, unafanya nini? Unajibu. Halafu wenzako wanakushambulia kwa adabu. Sehemu kubwa ya alama inatokana na jinsi unavyochangia mle ndani. Alisema siku moja alipendekeza kampuni fulani ipunguze wafanyakazi wa usiku, hesabu zake zilikuwa safi kabisa, na nesi mmoja anayesimamia wodi akamuuliza swali moja tu kuhusu nani anabaki na mgonjwa saa tisa usiku. "Nilienda nyumbani siwezi kula," akaniambia. "Hesabu ilikuwa sahihi, Pasta. Mimi ndiye sikuwa sahihi."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo.

Basi nikaanza kusoma, jinsi mtu anavyosoma jambo lililomwaibisha. Na nimegundua kwamba shule hizi zenyewe zimekuwa zikiaibishwa na kurekebishwa tangu zianze. Shule ya Tuck katika chuo cha Dartmouth ilifunguliwa mwaka 1900, Harvard ikafuata mwaka 1908 na ndiyo iliyoanzisha shahada yenyewe kwa jina la MBA. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili, moja ya wakfu wa Ford na nyingine ya wakfu wa Carnegie, zikisema kwamba elimu ya biashara Marekani ni nyepesi mno. Shule zikajibu kwa kuongeza uchumi, takwimu na utafiti. Lilikuwa jambo jema, ila lilizaa mwanafunzi wa namna mpya: kijana wa miaka ishirini na sita anayeweza kuichambua kampuni ya watu elfu kumi kwenye karatasi, na hajawahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba kazi yake imeisha.

Kisha ikaja Enron, ile kampuni kubwa ya nishati iliyoanguka Desemba 2001 na akiba za uzeeni za wafanyakazi wake zikaanguka nayo. Mkuu wake wa zamani, Jeffrey Skilling, alikuwa na MBA ya Harvard ya mwaka 1979. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2006. Sikuandikii haya ili tumcheke Mmarekani. Mtu mwenye akili nyingi na cheti cha juu alizungukwa na watu waliokuwa wakisema amina. Nikisoma habari yake naliona daftari langu la kurasa mbili.

Harvard iliweka somo la lazima kuhusu uongozi na uwajibikaji wa kampuni mwaka 2004. Halafu uchumi wa dunia ukayumba mwaka 2008, na mwaka 2009 wanafunzi wa Harvard waliokuwa wanahitimu wakaandika kiapo chao wenyewe, kinachojulikana kama MBA Oath, kama kile cha madaktari, wakiahidi kutojitajirisha kwa kuwaumiza wengine. Mamia walikitia sahihi. Mimi kama mchungaji nimesimamia viapo vingi, vya ndoa zaidi, na najua kiapo ni mwanzo tu. Lakini nimependa kwamba wazo lilitoka kwa wanafunzi, si kwa wakubwa.

Kuna profesa mmoja wa Canada, Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, aliyeandika kitabu mwaka 2004 akilalamika kwamba MBA ya kawaida inawafundisha watu wasiostahili kwa njia isiyofaa. Kwa maoni yake, huwezi kumfanya kiongozi darasani mtu ambaye hajawahi kuongoza. Mlete yule ambaye tayari anaongoza, mwenye makovu, akae kwenye meza ya duara na wenzake, wayachambue wanayoyapitia kazini. Yeye na wenzake walianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1996, na anataka karibu nusu ya muda wa darasa iachiwe wanafunzi kuzungumza wao kwa wao kuhusu kazi zao. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka Musa. Alikuwa anahukumu watu peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni, na aliyeona kwamba mambo hayaendi vizuri alikuwa Yethro, mkwe wake, mgeni aliyekuja tu kutembelea. Musa alikuwa tayari ana mzigo begani. Ndiyo maana ushauri ulimwingia.

Hata Harvard ilisogea. Kuanzia mwaka 2011 iliongeza mafunzo ya nje ya darasa, na Januari 2012 ikawapeleka wanafunzi wake wapatao 900 wa mwaka wa kwanza katika nchi zinazoinukia kiuchumi, wakafanye kazi na kampuni za huko. Yaani shule iliyojengwa juu ya karatasi ya kiwanda cha viatu iliamua kwamba lazima mtu aende kiwandani.

Na usidhani haya ni ya mbali. Njia ile ya visa ilitoka Boston ikaenda Barcelona, ambako shule ya IESE ilianzisha MBA yake mwaka 1964 kwa usaidizi wa Harvard. IESE nayo ikazisaidia shule za Afrika, ile ya Lagos iliyoanza mwaka 1991 na Strathmore Business School hapa Nairobi iliyoanza mwaka 2005. Kwa hiyo Mkenya anayeulizwa leo "ni Jumatatu asubuhi, unafanya nini?" anaulizwa swali lililosafiri miaka mia moja. Tofauti ni kwamba anaweza kulijibu kwa habari ya chama cha ushirika cha maziwa ama ya Sacco ya matatu, mahali ambapo dereva, mwenye gari na makanga wote wanamwita mwenzake ndugu, na pesa bado hazionekani.

Sasa tuje kwenye karo, maana nusu ekari ni nusu ekari.

Shule kubwa za Marekani ni ghali kupindukia. Harvard inadai zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, kama shilingi milioni 9 zetu, hapo hujala wala hujalala. Lakini upepo umebadilika. Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha MBA ya mtandaoni mwaka 2016 kwa takriban dola 22,000 kwa masomo yote, na mwaka 2019 kikatangaza kwamba kinafunga MBA yake ya kutwa ya kukaa chuoni. Watu walikuwa wameacha kuja. Hawakutaka kuacha kazi miaka miwili, na wengi wao ni wazazi kama wewe, wanaosoma watoto wakishalala.

Halafu ikaja akili mnemba. Januari 2023 profesa mmoja wa shule ya Wharton, Christian Terwiesch, aliipa programu ya ChatGPT mtihani wa mwisho wa somo lake la MBA kuhusu uendeshaji wa shughuli. Akasema angeipa alama ya B au B hafifu. Ilikosea hesabu nyingine ndogo ambazo mtoto wa shule ya msingi angeziweza, lakini maelezo yake yalikuwa mazuri. Hiyo ni 2023, na mashine haijalala tangu wakati huo.

Mpendwa, hapo tulia kidogo. Kama mashine inaweza kupita mtihani, basi yule anayelipa karo ili aje kupita mtihani ananunua nini? Yule dada aliniambia wazi kwamba darasani kwao wapo wanaolipa mtu awaandikie kazi, na siku hizi hawalipi hata mtu, wanaiagiza simu. Wanataka barua ya kupandishwa cheo tu. Watapata cheti, na pengine cheo watapata. Lakini hakuna mashine itakayokaa mahali pako nesi atakapokuuliza nani anabaki na mgonjwa saa tisa usiku. Maarifa sasa yamekuwa rahisi, yako mpaka kwenye bando ya shilingi ishirini. Kilichobaki ghali ni chumba chenye watu wanaoruhusiwa kukwambia umekosea, na wewe huwezi kuondoka.

Mimi sikuwahi kuwa na chumba hicho. Chuo cha Biblia kilinipa mengi na nakiheshimu, walimu wangu wengine bado naombea majina yao. Lakini nilitoka pale nikijua kusema na watu mia tatu bila mmoja wao kunijibu. Miaka kumi na tano ya namna hiyo, halafu ukapewa pesa za mabati za mama wa mboga. Unaelewa sasa.

Siku ya tatu nikampigia kijana. Nilikuwa nimejiandaa na maswali badala ya maombi, ingawa tuliomba pia. Ana miaka ishirini na minne. Amefanya kazi ofisini mwaka mmoja na nusu, hajawahi kusimamia mtu. Nikamuuliza chuo hicho kinafundisha namna gani, mwalimu anasoma slaidi ama wanafunzi wanajibizana? Hakujua. Nikamuuliza wanafunzi wenzake ni akina nani, wanafanya kazi gani? Hakujua. Ameziona picha za jengo kwenye tovuti. Ni jengo zuri, hilo nakubali.

Nikamwambia ninavyoona mimi, na wewe unaweza kuniona nimekosea. Nisingeuza lile shamba mwaka huu. Ningeomba kazini nipewe watu hata wawili wa kusimamia, ama ningechukua uhazini wa kikundi cha vijana ambao kila mtu anaukimbia. Ningekaa miaka miwili nikiumizwa kidogo na maamuzi yangu mwenyewe. Halafu ningetafuta masomo ya jioni, ya kulipia na mshahara, na kabla ya kulipa ningeomba kuketi kipindi kimoja nyuma ya darasa nione kama watu wanaulizana.

Alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Pasta, wenzangu wawili tayari wameanza. Nikisubiri miaka miwili, hao ndio watakaokuwa mabosi wangu."

Ana hoja. Ofisi nyingi za hapa kwetu bado zinahesabu vyeti kwanza, na mimi siwezi kuzibadilisha kwa mahubiri. Isitoshe, shamba ni la baba yake, si la kanisa. Kwa hiyo sikumwambia ndiyo wala hapana.

Tumekubaliana tukutane Jumapili hii baada ya ibada, yeye, baba yake, mimi na yule dada. Dada alihitimu mwaka jana na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi. Bajeti yake ina kurasa kumi na moja, na moja kati ya hizo inaeleza tutafanya nini bei zikipanda. Mabati yamefika upande mmoja wa paa. Mama wa mboga ameshaonyeshwa yake, ni yale matatu ya mwisho karibu na mlango.

Dada ameniambia atakuja na maswali. Nimemwomba aanze na mimi.